Suti, Dubu na Nywele za Mtoto wa Kinyozi

9 Februari

Kwa mpwa wangu, mshona nguo asiye na mpinzani,

Nakusalimu kwa kalamu ya hoteli, juu ya karatasi ya hoteli, nikiwa nimekalia kiti cha hoteli. Mimi ni mzima, kifua kimetulia, tumbo limeanza kuonekana kwa pembeni. Mwambie mama yako, dada yangu asiyeniamini tangu utoto, kwamba ninakula milo mitatu na huku hakuna mtu anayeniita "wee". Wananiita Mkuu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Barua yako ilinikuta chumba cha dobi, katikati ya mashuka, maana mimi ndiye mkuu wa nguo zote za hoteli hii, ghorofa zote saba. Niliposoma kwamba Kinyozi na mkewe wamepata mtoto, tena wa kiume, baada ya miaka yote ile, nililia. Hapana, sikulia. Ulikuwa mvuke. Dobini kuna mvuke mwingi sana.

Unajua mimi na Kinyozi tumetoka mbali, lakini ujue vizuri zaidi. Kichwa cha kwanza alichonyoa katika maisha yake ni hiki nilichokibeba. Hakuna aliyekubali kumwazima kichwa, maana alikuwa na mkasi usiokata na wembe unaokata mno. Mimi nikakaa juu ya debe nikamwambia, nyoa. Hili kovu nyuma ya sikio langu, ambalo wanawake wa nchi tatu wamelisifu, ndilo cheti chake cha kazi. Na watu walipokuwa wakimsema yeye na mkewe kwa kukosa mtoto, mimi nilikuwa namwambia: akija huyo atakuwa na baba wawili, mmoja wa kumnyoa na mmoja wa kumfundisha dunia.

Ndiyo maana niliposoma kwamba Muuza Magodoro ameshapeleka kitanda cha mtoto pamoja na kigodoro chake, na kwamba siku hizi jioni anakaa pale kinyozini kwenye benchi langu, nilikunja shuka moja mpaka likawa kama leso. Mtu yule ana kichwa kama mto uliolowa. Mtoto akianza kutambua sura, ataona sura ya nani? Akianza kusema, atamwita nani baba mdogo? Sikubali. Nataka mtoto huyu anijue mimi.

Basi nimemchagulia suti. Koti, kizibao, suruali na tai. Usiwe na wasiwasi na kipimo, mimi si mshamba. Nilitafuta kitu chenye ukubwa wa mtoto mchanga, nikachukua mto. Mto ukiupakata ni mtoto kabisa, tena haukojoi. Hapa tuna mito ya chumba cha kawaida na mito ya chumba cha fahari. Mtoto wa Kinyozi si wa chumba cha kawaida. Nikampelekea fundi mto wa fahari, akaupima kifua na kiuno.

Mkabidhi Kinyozi mkononi, kisha uniandikie atakachosema, neno kwa neno.

Mjomba wako,
Mkuu

---

2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku sote hatujambo. Mama anakusalimu, anasema amefurahi kusikia unakula, ila angefurahi zaidi kukuona ukila. Mimi bado niko kwenye chumba kile kile, nimepakana na Kinyozi kwa ukuta wa mbao. Mteja akipiga chafya kule, mimi huku napoteza mshono.

Kifurushi kimefika. Ushonaji wa suti ile sina la kuukosoa. Kila anayeingia kinyozini anaisifu. Mtoto mwenyewe hajaonyesha kuichukia.

Uliomba neno kwa neno. Kinyozi aliitazama suti, akamtazama mtoto, akaitazama suti tena. Akasema, "Mwambie nimepokea." Mkewe alitoka nje kidogo. Nilimsikia akicheka, sijui na nani.

Mtoto ni mwembamba, ana macho makubwa na sauti ya kuita watu waje kuzima moto. Na ana nywele, Mjomba. Sijawahi kuona mtoto mwenye nywele nyingi kiasi kile.

Unakuja lini?

Mpwa wako

---

20 Mei

Kwa mpwa wangu mwenye barua fupi,

Salamu zangu ni kubwa kuliko bahasha hii. Mimi mzima. Dada yangu mwambie juzi mgeni mmoja mwenye pete nne alinishika mkono na kuniambia hajawahi kulala kwenye shuka lililonyooka kama la hapa. Nikamwambia, mzee, umefika kwa wenyewe.

Lakini hilo la "nimepokea" limenikaa kooni. Nimepokea ni neno la posta, si neno la rafiki. Mtu unamvalisha mtoto wake suti ya vipande vinne, naye anakujibu kama amekabidhiwa bili ya maji. Nimekaa nimefikiri, nimeona kosa. Suti ni kitu cha kuvaa. Mtoto hana shukrani na kitu cha kuvaa, hata mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nikivua. Mtoto anataka mwenzake.

Kwa hiyo nimemtumia dubu. Si vile vidubu vya kushika kiganjani. Huyu ukimkalisha kitini, mtu mzima anasimama kumpisha. Wale wa posta walitaka kunitoza nauli ya abiria. Ana manyoya, ana utepe shingoni, na macho yake ni ya kioo, yanakufuata popote uendapo ndani ya chumba. Nikasema, sawasawa, mimi nisipokuwepo kumwangalia mtoto, dubu atamwangalia kwa niaba yangu.

Naomba picha. Mtoto na dubu, wamekaa pamoja. Nitaiweka ukutani dobini, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Na huyo Mto Uliolowa bado anakuja pale jioni? Nijibu kwa uwazi.

Kuhusu kuja, tutazungumza.

Mjomba wako,
Mkuu

---

11 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama alikuwa na mafua, sasa hajambo, ameanza tena kunikosoa. Nimepata kazi ya kushona sare za wahudumu wa benki, kwa hiyo chumba changu kimejaa suruali za buluu na mimi nashinda nimeinama.

Dubu amefika salama. Alifunguliwa mbele ya watu wengi. Mtoto alipomwona alitoa sauti ambayo hatujawahi kumsikia akiitoa. Tangu juma lile hataki kulala popote ila juu yake. Kile kigodoro alichopewa mwanzo hakitaki kabisa, hata ukimwekea usingizini anaamka.

Picha itachelewa kidogo. Mpiga picha ana kazi nyingi, na mwanga wa siku hizi si mzuri.

Muuza Magodoro bado anakuja jioni. Uliomba uwazi. Anakuja mapema kuliko zamani.

Kinyozi alisema, "Mwambie nimepokea."

Nywele za mtoto sasa zimefika mabegani. Wateja wameanza kusema. Mwingine juzi aliuliza yule binti mdogo pale ndani ni wa nani. Mkewe Kinyozi alikuwa anapasua vitunguu, na niliusikia ubao.

Unakuja lini, Mjomba? Si kwamba nakusukuma.

Mpwa wako

---

30 Agosti

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, na uusamehe mwandiko. Wa kulia umeguswa na pasi nilipokuwa nawakagua vijana. Si kitu. Mengine yote ni mazuri, hata paja langu limeacha kuuma. Mpe dada yangu pole ya mafua.

Habari ya dubu imenipa usingizi. Nilijua tu. Kigodoro cha Mto Uliolowa kimekataliwa na mtoto mwenyewe, mbele ya mashahidi! Barua yako nimeisoma dobini kwa sauti, mara mbili, na mtu mmoja akapiga makofi.

Lakini mpwa wangu, hizo nywele. Nimefikiri usiku na mchana. Mwokaji mwanawe akose mkate? Mtoto wa kinyozi anatembea na kichaka kichwani, watu wanamwita binti, na baba yake ana nyembe saba ukutani? Ni aibu. Kuna moja kati ya mawili. Ama Kinyozi amezeeka mkono umemlegea, ama vifaa vyake vimekwisha na anaona haya kusema. Mimi rafiki yake siwezi kukaa kimya. Nimemtumia mashine ya kunyolea, ya umeme, ileile anayotumia kinyozi wa hoteli kwa wageni wa chumba cha fahari. Mwambie asione haya. Hata mimi nywele zangu siku hizi ni chache, mtu haulizwi.

Umeniuliza tena nakuja lini. Mtu haji hivi hivi tu. Nilipoondoka nilisimama mlangoni kwa Kinyozi nikatangaza kwamba nitarudi na gari lenye redio, na watu walikuwepo, na wengine bado wako hai. Sasa nirudi vipi? Nishuke pale barabarani, mikono miwili inaning'inia, na mtoto akiuliza huyu ni nani waseme ndiye yule wa suti? Acha kwanza mambo yakae sawa. Zawadi zangu ziko pale, zinanitangulia. Mtoto atanijua kupitia hizo.

Mjomba wako,
Mkuu

---

14 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, sare za benki zimekwisha. Leo salamu ni fupi kwa sababu maneno ni mengi. Kaa chini. Kama uko karibu na pasi, isogeze.

Barua zako nazisoma kinyozini. Kwa sauti. Tangu ile ya kwanza.

Haikuwa nia yangu. Nilimpelekea Kinyozi salamu zako tu, akasema, "Soma yote, nimsikie anavyosema." Mtoto alikuwa akilia kama kawaida yake. Nilipofika pale ulipopima mto, akanyamaza. Nikaacha kusoma, akaanza kulia. Nikaendelea, akanyamaza. Nafikiri ni kwa sababu nikisoma barua zako naiga sauti yako bila kupenda, na kila mtu anacheka. Siku hizi akisumbua, mama yake anagonga ukuta wangu na kusema, "Lete Mjomba." Barua zako tatu zimesomwa mpaka zimechanika kwenye mikunjo. Nimezishonea kitambaa kwa nyuma.

Muuza Magodoro alikuwa kwenye kiti, na povu mashavuni, siku niliposoma habari za mto uliolowa. Hakukasirika. Alijitazama kwenye kioo kwa muda, akasema, "Kanipatia." Ndiyo sababu anakuja mapema jioni, Mjomba. Anakuja kuuliza kama umeandika, na safari hii umemwitaje.

Sasa zawadi. Suti ingemtosha mwanafunzi wa darasa la pili. Iko ukutani, pembeni ya kioo, na wateja wawili wameshauliza bei. Dubu alipofunguliwa, sauti aliyoitoa mtoto ilikuwa ya woga. Macho yale ya kioo yalimfuata kweli. Tulimgeuza dubu aelekee ukutani, mtoto akawa anaogopa mgongo. Mkewe Kinyozi akaniletea akaniambia, "Fanya ufundi wako." Nikatoa kichwa, nikampunguza pamba, nikamtandaza na kumshona tumbo kuwa godoro. Sikukudanganya, analala juu yake kila siku. Muuza Magodoro amelibonyeza, akauliza kiwanda gani. Kichwa ninacho mimi, nakichomea pini. Kwa macho yale, wateja wangu hawanikopi tena.

Tuje kwenye barua ya mashine. Niliifungua palepale kinyozini na kuanza kuisoma kabla sijaipitia. Nikafika kwenye "mkono umemlegea". Watu wote wakatazama chini. Mkewe Kinyozi akaweka bakuli mezani akasema, "Bora mtu wa mbali kakwambia. Mwanao kama ufagio. Mnyoe leo." Muuza Magodoro akainuka kutoka kwenye benchi, akasema, "Haya, mimi nitamshika, wewe unyoe, tumalize."

Kinyozi alikuwa ameshamnyoa mteja nusu ya kidevu. Akauweka wembe. Akasema, "Kichwa hiki kina mtu wa kukishika."

Mkewe akamuuliza, "Nani?"

"Aliyenipa chake."

Hata yule wa nusu kidevu akageuka kumtazama. Mkewe akasema, "Kwa nini hukumwambia tangu mwanzo?" Akajibu kwamba wewe uliapa hurudi mpaka uwe mkubwa, na yeye hawezi kumwita mtu kabla mtu hajawa tayari, kwa hiyo alikuwa anangoja, na nywele nazo zilikuwa zinangoja. Kisha akaniambia nimsomee tena pale uliposema utashuka na mikono miwili inaning'inia. Nikamsomea. Akaniambia, "Andika hivi: ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka. Mmoja wa kidevu, mmoja wa kisogo. Gari halishiki kichwa."

Nimeandika kama alivyosema.

Kuhusu ukuu wako, hajauliza. Alisema tu kwamba mtu anayeujua mvuke kiasi hicho lazima anakaa karibu nao sana.

Mashine ni nzuri. Anamnyolea nayo Muuza Magodoro.

Mpwa wako

---

25 Novemba

Mpwa wangu, msaliti wangu, damu ya dada yangu,

Sina salamu. Nilikuwa nazo, zimeniishia. Umenivua nguo mbele ya wateja kwa mwaka mzima na wakakaa wananyolewa huku wakicheka bure. Umemkata dubu wangu kichwa. Nimekasirika kwa siku nzima, jioni nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Nakuja. Nimeomba ruhusa, wamenipa. Barua hii itanitangulia, kwa hiyo mwambie Kinyozi anoe wembe, na amwambie mkewe asihangaike na chochote, na ahakikishe benchi lina nafasi. Muuza Magodoro asogee kidogo tu, asiondoke. Kumbe ni msikilizaji mzuri.

Ukiisoma pale, ukifika kwenye neno Mkuu, liruke. Soma mpiga pasi. Napiga pasi mashuka, mpwa wangu, na mashati ya wageni, na ule mkono haukuungua nikikagua mtu. Vijana niliokuwa nawakagua ndio wanaonikagua. Lakini kwamba hakuna anayenyoosha shuka kama mimi ghorofa zote saba, hilo lisome kwa sauti kubwa, maana ni kweli.

Kila jioni nafanya mazoezi. Nachukua mto, wa chumba cha kawaida safari hii, naushika mkono mmoja kidevuni na mwingine kisogoni. Mwenzangu wa pasi ya pili ameniuliza kama naumwa. Mto hautikisiki hata kidogo. Ila mto hauna macho, na mimi naogopa macho. Itakuwaje mtoto akinitazama akaniona kama dubu?

Nakuja bila kitu mkononi. Ukiona karatasi hii imelowa hapa chini, ni mvuke.

Mjomba wako,
mpiga pasi

---

19 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na pasi zako zimekupokea vizuri. Mama hajambo. Analalamika kwamba ulikula sana na kuaga haraka.

Barua yako ya Novemba imefika jana. Wewe umeshakuja na umeshaondoka. Ndiyo sababu ulipotokea mlangoni Desemba hakuna aliyekushangilia, na mkewe Kinyozi akakumwagia maji ya sabuni viatuni. Ulituita watu wasio na adabu ya kupokea mgeni aliyetoa taarifa. Tunakutaka radhi nusu.

Tumeisoma jioni. Kinyozini palijaa. Nilipofika kwenye Mkuu sikujua niruke au nisome, maana uliandika niruke kisha ukaandika na sababu ya kuruka, basi nikasoma vyote. Hakuna aliyecheka. Kinyozi alisema tu, "Mashuka ya ghorofa saba si mchezo." Nilipofika kwenye mvuke ndipo walipocheka, kwa sababu wote waliyaona macho yako siku ya kunyoa, na pale hapakuwa na birika wala pasi.

Na ile njia iliyopinda nyuma ya sikio la mtoto, ambayo uliwatangazia watu kuwa ni mtindo wa nchi tatu, bado haijajaa. Kinyozi ananyoa tangu sijazaliwa na sijawahi kumwona wembe ukimteleza, isipokuwa siku ile. Anasema alikuwa anapima.

Nataka nikwambie jambo moja kisha nikashone. Nilipokuwa nasoma, mtoto alikuwa chini anacheza na kopo la poda. Mara akaliacha. Akasimama kwa kushikilia mguu wa kiti, akafumba macho, akanyanyua kidevu, akatulia hivyo. Hatukuelewa. Muuza Magodoro ndiye aliyeelewa kwanza. Akainama, akamshika, mkono mmoja kidevuni, mwingine kisogoni, vizuri kabisa kama ulivyofanya wewe.

Mtoto akafumbua jicho moja. Akamtazama. Akautoa mkono wa kwanza, akautoa na wa pili, akafumba jicho tena, akanyanyua kidevu, akaendelea kungoja.

Muuza Magodoro alirudi kwenye benchi, akasogea kidogo kuacha nafasi.

Kinyozi alimtazama mwanawe. Kisha akanigeukia, akasema, "Mwambie amepokea."

Mpwa wako